Jeshi la lazima, la kura ama la hiari: tukiambiwa tuchague, tuchague gani?

Jumamosi tulikuwa Kariokor, hapa Nairobi, kwa nyama, mimi na anko na binamu yangu ambaye hapa nitamwita Kevo, na anko akiwa na ubavu wa mbuzi mkononi akaanza ule wimbo wake wa kila mwezi. Ati vijana wameharibika, ni simu na kubeti na muguka tu, na dawa ni moja, serikali ipitishe sheria ukimaliza fomu foo unaenda jeshi miaka 2, utake usitake, mtoto wa waziri na mtoto wa mama mboga wote, mkitoka huko mmenyooka. Meza ya pili wakasikia wakaanza kutingisha vichwa, mmoja akadakia kwamba hata Israel ni hivyo. Kevo hakusema neno, alikuwa anachovya ugali kwa chumvi pole pole akiangalia sahani. Kevo ameenda usajili wa makurutu mara 3 na mara 3 amerudi nyumbani na bahasha yake ya kaki, sasa wewe fikiria anasikia vile vijana inabidi walazimishwe.

Nikaona kubishana na mdomo umejaa haisaidii. Nimeenda nikasoma, na nikagundua anko anaongea kama kuna vitu viwili tu, lazima ama hiari, kumbe nchi zimejaribu njia nyingi na kila moja ina visa vyake. Nimeziweka hapa kando kwa kando, na kipimo changu ni kimoja tu: kila mfumo wa kuingiza watu jeshi una mlango wa nyuma, hata ule unaojisifu hauna, kwa hivyo mimi natafuta mlango uko wapi na ufunguo anao nani. Ukishajua hiyo, kuchagua si ngumu sana.

Lakini kwanza hapo tulipokuwa tumekaa

Ilinichekesha ati tunataka jeshi la lazima tukiwa Kariokor. Watu wananunua viondo na akala pale miaka nenda miaka rudi na hawajawahi kujiuliza jina lilitoka wapi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, ulimi wetu ukaligeuza likawa Kariokor, na Dar es Salaam wakasema Kariakoo. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuchukua watu kwa nguvu wabebe mizigo ya jeshi lililokuwa linamkimbiza Mjerumani von Lettow-Vorbeck huko upande wa Tanganyika. Barabara hakuna, punda na ng'ombe wanakufa na mbung'o, kwa hivyo unga, risasi, mahema, vyote vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1917 ndio msako ulikuwa mkali kabisa, afisa wa kikoloni John Ainsworth akapewa kazi ya kutafuta watu na machifu wakaambiwa idadi. Sasa chifu akiambiwa leta watu 50, wewe unafikiri anaanza na mtoto wake? Anaanza na yule hana baba, yule aligombana naye juu ya shamba, yule hana mbuzi wa kupeana. Huo ndio mlango wa nyuma wa kwanza kujulikana hapa kwetu na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa chifu.

Wengi wao hawakuuawa na risasi, ni kuhara damu, malaria, baridi ya mlimani kwa mtu ametoka joto, na unga wa mahindi uliopikwa nusu kwa watu ambao kwao walikuwa wanakula vitu vingine. Walikufa makumi ya maelfu. Wagiriama nao walikuwa wamekataa mapema, kwenye 1913 na 1914, Mekatilili wa Menza akaapisha watu wasitoe vijana wao wakafanye kazi ya mzungu, akashikwa akapelekwa mbali kabisa, Kisii.

Ukipita Kenyatta Avenue utaona zile sanamu za shaba, mmoja wao ni mpagazi, na maandishi chini yake, mpaka ya Kiswahili, yanasema hawa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watakumbuka jina lako. Jina lipi sasa. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda kufika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote ama hawakukumbukwa kabisa. Hiyo "nchi yako" pia niiache hapo.

Lazima kwa wote: Korea Kusini na Eritrea

Hii ndio anko anataka, na watu wakiisifu wanataja Korea Kusini. Sawa, tuweke Korea Kusini kando ya Eritrea, kwa sababu kwa karatasi ziko karibu sawa. Korea, mwanaume mwenye afya anaenda, jeshi la nchi kavu ni miezi 18. Eritrea, sheria yao ya 1995 inasema pia miezi 18, na huko wanawake pia wanaitwa. Miezi ni ile ile. Tofauti ni kwamba Mkorea anajua tarehe ya kurudi nyumbani, familia inahesabu siku kwa simu, yule Jin wa bendi ya BTS alienda Disemba 2022 na Juni 2024 akarudi mashabiki wakalia. Eritrea, vita ya mpaka na Ethiopia ilianza 1998 ikaisha 2000 lakini watu hawakuachiliwa, ile miezi 18 ikawa miaka, wengine zaidi ya 10, mtoto wa sekondari anamalizia mwaka wake wa mwisho kwenye kambi ya jeshi inayoitwa Sawa, na hajui akitoka hapo atapangiwa kazi gani na mpaka lini. Ndio maana vijana wao wanatoroka kupitia Sudan na jangwa na bahari, na Nairobi hapa pia wapo wengi waliopita njia hizo. Kwa hivyo mtu akikuambia "ni miaka 2 tu", mimi naona la kuangalia ni mwezi wa 25 nani anaweza kwenda kortini kudai mtoto wake arudishwe, na jaji amskize.

Hata Korea kwenyewe mlango upo, tofauti ni kwamba umewekwa taa. Ukishinda medali yoyote ya Olimpiki ama dhahabu ya Michezo ya Asia unasamehewa ile miezi, unafanya mazoezi ya wiki chache na saa za kujitolea. Mchezaji mpira Son Heung-min aliponea hivyo 2018, na ile fainali nchi nzima ilijua kijana anapigania miezi yake ya jeshi pamoja na dhahabu. Wengine wanauliza mbona mpiga mpira asamehewe na fundi wa meli asisamehewe, wanaume wanauliza mbona wanawake hawaendi, maneno hayaishi. Lakini angalau mlango uko mbele ya kila mtu.

Na yule wa meza ya pili aliyesema Israel, ngoja. Israel wanaume ni kama miezi 32 na wanawake 24, hiyo ni kweli. Lakini wananchi wao Waarabu wengi hawaitwi, na wale Wayahudi wa dini kali wanaosoma kwenye vyuo vya dini walisamehewa tangu 1948 wakiwa kama wanafunzi 400, wakaongezeka mpaka makumi ya maelfu, na jambo hilo limeangusha serikali huko, mpaka Juni 2024 Mahakama Kuu ikasema kwa sauti moja kwamba hakuna sheria inayowaruhusu kubaki, waitwe. "Wote" ya Israel basi iligombaniwa kwa zaidi ya miaka 75.

Kuna kitu kingine cha lazima kwa wote ambacho watu hawaongei. Ukiwa na vijana wa bure, serikali inapata hamu ya kuwatumia. Uingereza baada ya Vita vya Pili iliendelea kuita vijana wa miaka 18 kwenda jeshi, mwisho ikafika miaka 2, na vijana wengi waliokuja kupigana na Mau Mau hapa baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 walikuwa hao hao, kijana wa kiwanda cha pamba kule Manchester anajikuta kwenye baridi ya Nyandarua na bunduki, anafukuza watu ambao hajui wamemkosea nini. Hakuchagua. Na waliokuwa upande ule mwingine wa bunduki ndio kabisa hawakuchagua yeye aletwe. Mwito huo ulisimama 1960, wa mwisho wakatoka 1963, mwaka wetu wa uhuru.

Lazima, lakini ukiwa na pesa unatoka

Hii ndio ingekuwa ya Kenya, tusidanganyane.

Wafaransa ndio walianza hii mambo ya taifa zima kuitwa, Agosti 1793, mapinduzi yamezingirwa, kila mtu ajitokeze. Mwaka 1798 wakaiweka sheria, wanaume wa miaka 20 mpaka 25 waandikwe. Usawa kabisa, si ndio? Haikumaliza muda, ikaruhusiwa ulipe mtu aende kwa niaba yako, na karne iliyofuata kukawa na makampuni ya bima ambayo baba anaweka pesa mtoto akiwa mdogo, kura ikimwangukia wananunua mtu wa kwenda badala yake. Yaani chama kama kile cha mazishi, tofauti ni kwamba maiti ni mtoto wa jirani.

Marekani walinakili hiyo 1863 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimechacha. Ukiitwa, unaweza kulipa dola 300 ukasamehewa, ama ukatafuta mtu. Dola 300 ilikuwa karibu pato la mwaka mzima la kibarua. Grover Cleveland, ambaye alikuja kuwa rais, alilipa mtu dola 150 akaenda badala yake, na ilikuwa halali kabisa. Upande wa Kusini nao, shamba likiwa na watumwa 20 ama zaidi, mzungu mmoja anasamehewa abaki kuwasimamia. Maskini wa pande zote mbili wakaanza kusema vita ni ya tajiri na kupigana ni kwa maskini. Julai 1863 New York ikawaka siku 4, zaidi ya watu 100 wakafa, na sehemu kubwa ya hasira hiyo badala ya kuwaangukia wenye dola 300 iliwaangukia watu weusi, wakauawa barabarani, na nyumba ya mayatima weusi ikachomwa. Hiyo sehemu niliisoma mara mbili. Ukifungulia tajiri mlango, anayelipa mwishoni anaweza kuwa mtu ambaye hata hakuwa kwenye foleni.

Leo bado ipo, lakini imevaa suti. Uturuki ukilipa kiasi fulani unafanya mwezi mmoja tu. Uswisi mwanaume asiyehudumu analipa kodi ya asilimia 3 ya mapato yake, na hiyo mimi naiona afadhali kidogo kwa sababu tajiri analipa zaidi ya maskini, si bei moja ya dola 300 kwa wote. Sasa ilete Nairobi. Kabla wino wa sheria haujakauka, bei ya barua ya daktari inayosema mtoto ana pumu itakuwa inajulikana mtaa mzima, mpaka boda atakuambia.

Bahati nasibu

Ukiona watu unaotaka ni wachache kuliko waliopo, kura inakaa kama haki yenyewe. Hakuna baba mwenye cheo, hakuna pesa, ni mpira kwenye chupa. Lakini hata hapa soma maandishi madogo.

Vita vya Vietnam, mwanzoni Marekani ilikuwa inasamehe walioko chuo kikuu. Unajua ni nani yuko chuo kikuu. Kelele zikazidi, tarehe 1 Disemba 1969 wakafanya kura kwa televisheni: vidonge 366 vya plastiki rangi ya buluu, kila kimoja na siku ya mwaka, siku yako ya kuzaliwa ikitoka mapema unaenda. Ya kwanza ilikuwa 14 Septemba. Sasa vidonge vilikuwa vimewekwa kwenye sanduku mwezi kwa mwezi kuanzia Januari, wakatingisha kidogo tu wakamimina, basi Disemba ikabaki juu juu, na ukiangalia matokeo waliozaliwa mwisho wa mwaka wamebebwa zaidi. Wataalamu wa takwimu wakaona mara moja. Hakuna aliyehonga mtu, ni uvivu wa kuchanganya tu, na kuna vijana walienda Vietnam kwa sababu ya uvivu huo.

Muhammad Ali hakungoja hata hiyo kura, yeye aliitwa Aprili 1967 huko Houston akakataa kupiga hatua mbele, akanyang'anywa taji, akahukumiwa miaka 5, na 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta ile hukumu majaji 8 kwa 0. Miaka yake mizuri ya ngumi ilikuwa imeenda. (Na 1980 alikuja hapa Nairobi, ametumwa na serikali ile ile aliyokataa kuipigania, aombe tusiende Olimpiki ya Moscow. Maisha.)

Thailand wao wanafanya kila Aprili, kijana anaingiza mkono kwenye chombo mbele ya mama yake na kijiji kizima, kadi nyeusi unaenda nyumbani, nyekundu unaenda jeshi, wengine wanazimia pale pale. Mlango wa nyuma wao ni kwamba ukisoma mafunzo ya akiba miaka 3 ukiwa sekondari hauingizi mkono, na huyo ni nani kama si mtoto aliyefika sekondari. Uingereza nayo mwaka 1943 ilikosa watu wa kuchimba makaa ya mawe, ikawa inachagua tarakimu, namba yako ya usajili ikiishia na tarakimu hiyo unaenda shimoni badala ya vitani, na hao vijana walikuja kutukanwa barabarani wakidhaniwa ni waoga waliokwepa vita. Hiyo kura mlango wake ulikuwa mwembamba, lakini hata haki yake haikuzuia matusi.

Halafu kuna Norway ambayo inachanganya vitu. Tangu 2015 wasichana na wavulana wote wanaandikwa, wanapimwa, halafu wanachukuliwa wachache tu, na kwa sababu ni wachache imekuwa ni kitu cha kugombania, unaweka kwa siivii yako ukitafuta kazi. Kwa sheria ni lazima, kwa kweli inakaribia kuwa hiari. Weka hiyo akilini nitairudia.

Jirani zetu na sisi: JKT na NYS

Ukimbana anko sana utagundua hataki jeshi, anataka nidhamu. Hicho ni kitu kingine na Tanzania wanakijua vizuri. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ilianza 1963, na 1966 ikaamuliwa wasomi waende kwa lazima, na baadaye wafanye kazi muda fulani mshahara ukikatwa sehemu kubwa. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana Oktoba 1966, wengine na mabango ati afadhali ukoloni, Nyerere akawaskiza mpaka mwisho halafu akakasirika, akafukuza karibu 400, na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Hiyo ya mshahara ndio inanifanya nimheshimu hata kama sikubaliani na ya kufukuza, kwa sababu alianza na mfuko wake. Lazima hiyo ilisimamishwa 1994, ikarudi 2013, na mpaka leo ukimaliza kidato cha 6 unaitwa kwa mujibu wa sheria. Watanzania wazee niliowahi kukaa nao wanaikumbuka kwa kicheko zaidi ya hasira, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mvuvi wakilima shamba moja wakiimba, na afande mmoja wa kuchukia pamoja.

Sisi tuko na NYS, yaani National Youth Service, tangu 1964, na miaka ya 80 waliokuwa wanaenda chuo kikuu walipitishwa kwanza Gilgil kama miezi 3. Mama yangu mdogo alipita hapo. Anachokumbuka ni viatu, ati walipewa viatu vya saizi moja juu na akavaa soksi mbili mbili mpaka mwisho, na msichana wa Mandera aliyemfundisha kupika chai ya maziwa ya ngamia, wanapigiana simu mpaka leo. Nchi haikunyooka, lakini ilipata hiyo simu.

Ni miezi michache, hakuna anayekufa vitani, na gharama kwa kijana ni ndogo. Shida ni kwamba ile ya lazima ya kwetu ilichukua waliokuwa wanaenda chuo kikuu tu, wale wengine wote ambao anko analia juu yao hawakuguswa.

Hiari, yaani hii tuko nayo

Marekani iliacha lazima 1973, Ufaransa kurutu wa mwisho wa lazima alitoka 2001, Ujerumani ikasimamisha 2011. Sasa zingine zinarudi, Sweden 2017 baada ya kuona Urusi inafanya nini Ukraine, Finland haikuwahi hata kuacha. Ukiwa na jirani kama huyo na mpaka wa kilomita zaidi ya 1,300 hauna muda wa kungoja watu wajitolee, hapo lazima kwa wote ina maana, na mimi ningekuwa Mfini ningeenda bila kusukumwa. Lakini Kenya tangu uhuru jeshi ni la hiari, katiba ya 2010 kifungu cha 30 inasema hakuna kulazimishwa kazi (ingawa mwanasheria atakuambia mikataba ya dunia haihesabu utumishi wa jeshi kama kazi ya kulazimishwa, kwa hivyo usikimbilie hapo ukifikiri umeshinda). Askari wetu waliokufa kambini El Adde, Somalia, Januari 2016 walikuwa wamejiandikisha wenyewe.

Hiari ina lawama moja kubwa: ati ni maskini tu wanaenda, kwa hivyo ni lazima iliyovaa nguo nyingine, unalazimishwa na njaa badala ya askari. Marekani hiyo lawama ina uzito. Lakini hapa kwetu imegeuka juu chini na hii ndio anko hajaona. Huku watu wanapigania kuingia, na mlango wa nyuma umegeuka pia. Kule 1863 ulikuwa wa kutokea, hapa ni wa kuingilia.

Kevo alinipeleka mara ya pili kumshikia begi, uwanja sitautaja. Saa kumi na mbili asubuhi tayari wako mamia na mamia, kaptula, miguu mitupu, vumbi jekundu limewapaka mpaka magoti. Kwanza ni ile fimbo ya urefu, futi 5 na inchi 3, halafu mizani, kilo 54 na nusu hivi, wengine wamekunywa maji lita mbili usiku wafikishe. Halafu mbio. Halafu unafungua mdomo wanaangalia meno, unanyoosha vidole, unageuka waone mgongo kama kuna kovu, nyayo kama ni bapa. Kevo alipita mbio akiwa wa 4, nilimwona. Alipita meno. Kufika saa tisa walibaki wengi waliopita kila kitu kuliko nafasi za eneo lile, na hapo ndio mambo yanakuwa ukungu, majina yanasomwa, wengine wanaruka, wengine wanakaa chini pale pale kwenye nyasi. Kevo alirudi akaniambia tu "nimekosa". Sijui kama kuna mtu alifanya ubaya, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba wiki moja kabla kuna jamaa alimpigia mama yake simu akisema kwa laki 3 barua inatoka bila hata kukimbia, mama akakataa, ng'ombe alibaki. Jirani yao hakukataa, na barua aliyopewa ilikuwa feki, alifukuzwa getini.

Sasa basi

Kama vita iko mlangoni na adui ana watu wengi, chukua lazima kwa wote, wanaume kwa wanawake, na tarehe ya kutoka iandikwe mahali jaji anaweza kuisoma. Kama unataka watu wachache tu na hakuna anayetaka kwenda, kura, lakini ukiona msamaha wa wasomi umeingizwa jua ile si kura tena. Kulipa ili usiende, hapana, labda ile ya Uswisi, na hata hiyo si hapa. Kama unataka nidhamu na vijana wa Mandera wajuane na wa Kwale, hiyo ni kazi ya NYS ama JKT, miezi 3, na ichukue kila mtu, si waliofaulu tu. Usiipe jeshi.

Na kwa Kenya ya leo mimi nabaki na hiari. Ila ningechukua kitu kimoja kwa Wathai, kura mbele ya watu wote, na kimoja kwa Wanorwe, kupima wote kwanza halafu kuchukua wachache. Fanyeni mbio, pimeni meno, pimeni nyayo kama kawaida, wote waliopita kila kitu wasimame pale uwanjani, nafasi zikiwa 30 na waliopita ni 140, wekeni namba zao kwenye ndoo, mtoto wa shule aite namba 30 mbele ya kila mtu, saa hiyo hiyo, kila mtu aende nyumbani akijua. Yule wa laki 3 atauza nini? Kura ambayo kwingine ni ya kumlazimisha mtu aende, hapa iwe ya kumruhusu.

Jumapili nilimsomea Kevo hii yote kwa simu, na anko alikuwa karibu naye maana niliskia kikohozi chake. Kevo akasema hiyo ya ndoo angeikubali hata kama angekosa. Anko akanyamaza, halafu nikamskia akiuliza kwa nyuma, "Na hiyo ndoo atatingisha nani?"